Kidole Kimoja cha Mshono

Saa mbili asubuhi, Mwanapili Matano anatandaza gazeti kuukuu barazani mwake, Msambweni, na kulipitishia pasi ya makaa mpaka linyooke. Juu yake anaweka karatasi ya mkato wa gauni, kisha anaizungushia penseli polepole.

Anayesubiri nakala hiyo ni Mwanarusi, mama wa watoto watatu, aliyetoka Majoreni tangu alfajiri.

“Mie nimenenepa, Bi. Itanitosha hii?”

“Karatasi hainenepi, mwanangu. Ongeza vidole viwili kila ubavu.”

“Vidole vyako au vyangu?”

“Vyako. Vyangu vimekonda kwa sindano.”

Wanacheka. Akishona gauni, Mwanapili hulipwa shilingi nne. Karatasi ya mkato huitoa bure, kwa sharti moja: anayeichukua amnakilie mwenziwe. Zaidi ya hamsini zimetungwa kwenye misumari ukutani, na kila moja ameiandika maneno mawili: “Mshono umo.”

Maana yake ni kwamba upana wa kidole kimoja wa kushonea umekwisha kuongezwa pembeni. Usipokuwapo, nguo humbana mvaaji.

“Nayaandika kwa sababu ya mtu mmoja,” anasema, akiiweka pasi chini.

Mtu huyo ni Jumwa, Mduruma wa Samburu ya huku Pwani. Mwaka 1963, miaka mitano nyuma, mumewe akikata miwa Ramisi, walikuwa majirani wa Mwanapili. Mwanapili alipougua homa, Jumwa alimchotea maji siku tisa bila kuombwa.

Uhuru ulipokaribia, kila nyumba ilitaka nguo mpya ya sherehe. Jumwa alikuja kuomba mkato wa gauni la binti yake, Kache.

“Niliogopa,” anasema Mwanapili. “Nilijiambia, kila mtu akijua kukata, nani atanijia mimi? Nikampa karatasi, lakini nilikwisha kuipunguza kidole kimoja pande zote. Sikumwambia.”

Jumwa alikata kitambaa ambacho mumewe alikinunua kwa ujira wa wiki mbili. Gauni halikupita mabegani. Siku ya bendera kupandishwa, Kache alivaa lake la zamani, lililotiwa kiraka kwapani.

Kesho yake Jumwa aliirudisha karatasi, ameikunja vizuri mara nne, na juu yake fungu la kunde.

“Karatasi yako ni nzuri, dada,” alisema. “Mkono wangu ndio haufai.”

Mwanapili anautazama mkeka. “Nikazipokea zile kunde. Nikazipika. Nikala.”

Mwaka uliofuata Jumwa na mumewe walirudi kwao. Tangu hapo Mwanapili amekuwa akigawa mikato yake yote, akidhani kidogo kidogo moyo utatulia.

Mwezi uliopita, Kaingu, mchuuzi wa mbuzi wa Samburu, alimletea salamu za Jumwa. Mwanapili akauliza kama bado anashona.

“Kushona?” Kaingu alishangaa. “Huyo hata kifungo hupeleka kwa jirani. Husema Mungu hakumpa mkono huo.”

Maneno hayo yamemnyima raha. Miaka mitano sasa, mwanamke aliyemtendea wema anajilaumu kwa kosa lisilo lake.

Jumatatu Kaingu atarudi Samburu, na Mwanapili ataondoka naye. Amekwisha kufunga kwenye leso yadi tatu za kitambaa cha maua na karatasi mbili: ile iliyopunguzwa, aliyoihifadhi miaka yote hii, na nyingine nzima. Ile nzima ameikata kwa mwili wa mtu mzima, kwa kuwa Kache sasa ni mwanamwali.

“Na akikufukuza, Bi?” Mwanarusi anauliza kwa sauti ya chini.

Mwanapili anakunja gazeti lenye nakala ya mkato na kumkabidhi kwa mikono miwili.

“Na anifukuze. Lakini kwanza nitaziweka karatasi mbili moja juu ya nyingine, aone mwenyewe kilichokosekana. Kisha nimwachie mkasi, akate kwa mkono wake huo huo.”