Kofi la Jogoo

Kwenye kazi ya filamu walimwita Mara Moja, kwa sababu tukio alilocheza yeye halikurudiwa. Mwongozaji akisema anza, alilia, alicheka au alikufa, na mafundi wakaanza kukunja nyaya. Tuzo zake zilijaa kabati la mama yake, fundi cherehani aliyemwingiza kazini kwa kumbebesha mavazi ya waigizaji. Wenye wivu walisema ana bahati. Bahati gani? Umahiri ule ulifundishwa na kofi.

Katika filamu yake ya kwanza alikuwa mtumishi wa ndani, na bwana wa nyumba alikuwa Jogoo, nyota wa enzi hizo. Kofi la filamu hupita hewani tu, mlio huongezwa baadaye. Jogoo alimpiga la kweli, kisha akakosea maneno yake makusudi ili lirudiwe, tena na tena, mafundi wakiangua kicheko, mpaka sikio la binti likawa linavuma. Mama alimwambia avumilie, kazi ni kazi. Akavumilia, lakini hakusamehe. Tangu hapo alikariri maneno kama mtu anayekimbizwa, asimpe yeyote kisingizio cha kurudia.

Ujana ni moshi. Jogoo alizeeka, simu za kazi zikakatika, na Mara Moja mwenyewe ndiye aliyemwombea nafasi katika filamu mpya: baba mlevi anayezabwa kofi na binti yake. Watu walimsifu kwa roho nzuri. Nafasi ya binti aliichukua yeye.

Siku ya kurekodi alimzaba la kweli, kisha akasahau maneno. Mara Moja, kusahau! Mwongozaji alisema binadamu ni binadamu, wakarudia. Akasahau tena, na tena, na moyoni alifurahi, sikufichi. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Leo Jogoo alikuwa akiuonja kwa upande wa binadamu.

Mzee alishika shavu, akamtazama sana, mwishowe akanong'ona, "Mwanangu, wewe ndiye yule binti wa filamu ya hospitali?"

Mara Moja hakuwahi kucheza filamu yoyote ya hospitali. Miaka yote alingoja akumbukwe, kumbe alikuwa mmoja tu katika foleni. Hasira aliyodhani inaisha ikaanza upya.

"Hapana, mzee," alisema. "Huyo ni mwenzangu."

Akamgeukia mwongozaji, akaomba warudie. Lake alikuwa ameshalipiza. Sasa aliinua mkono kwa ajili ya yule mwingine.