Chipu niliyoifunga kimyakimya, na mguu wa mjomba wangu

Wakuu, habari za jioni. Haya yamenikuta mwenyewe na sitaongeza chumvi, maana hayahitaji.

Miaka ile soko huria limekolea Mbinga, kila mwenye kagari alikuwa mfanyabiashara. Mimi nilikuwa na pikapu kuukuu ya dizeli, turbo, yenye pampu ya umeme. Nashusha mahindi Mbamba Bay, napandisha dagaa.

Udereva nilifundishwa na mjomba Kosmas wa Litembo. Aliendesha lori la ushirika mpaka wanunuzi binafsi walipoingia na lori likapaki moja kwa moja.

Kanuni yake ilikuwa hii: gia uliyopandia mlima ndiyo utakayoshukia. Injini ikushikie gari, breki zipumzike.

Mlima wa njia yetu ya Mbamba Bay nilikuwa naupanda na gia namba moja, tena kwa kuomba Mungu. Basi na kushuka ni moja. Sikuwahi kupata shida.

Halafu fundi mmoja Songea akanishawishi nifunge chipu. Kwa wasioijua, inaidanganya pampu imwage dizeli zaidi, injini ipate nguvu.

Mjomba sikumwambia. Angenikataza, na mimi nilishanogewa.

Gari ikapanda mlima na gia ya tatu, wakuu. Nilijiona mfalme.

Wiki iliyofuata nashuka na shehena ya mahindi, mjomba kakaa pembeni yangu. Tulipofika kileleni akaniuliza:

"Siku hizi unapandia ngapi?"

"Tatu, mjomba. Nimeifanyia sevisi."

"Haya, shukia tatu."

Sasa chipu inaongeza nguvu ya kupanda tu. Kwenye kushuka haikusaidii chochote, na tatu haishiki mzigo ule.

Kabla ya nusu ya mlima breki zilikuwa zinafuka moshi. Pedali ikazama mpaka chini. Nikaibamiza gari kwenye ukingo wa kushoto, upande aliokaa mjomba.

Walimkata mguu juu ya goti.

Ndugu walipokuja hospitali kunishukia, mjomba akawaambia, "Mwacheni. Kanuni ni yangu, yeye kanitii tu."

Nikanyamaza. Aibu ya kimya kile bado ninayo.

Tangu hapo vijana wakimwomba awafundishe gari anawaambia watafute mwingine, yeye hajui kitu. Miaka yote hiyo, wakuu, na mimi nasikia.

Mwezi uliopita nilishindwa kuvumilia. Nikaenda Litembo, nikampa shikamoo yake, nikamweleza habari ya chipu mwanzo mpaka mwisho.

Nilijiandaa kwa laana.

Akauliza, "Kwa hiyo kanuni yangu haikuwa mbaya?"

"Haikuwa mbaya, mjomba."

Akalia. Siku ya mguu hakulia.

Somo nililopata: ukiiongezea gari nguvu, anza na breki, na usimfiche aliyekufundisha.

Kama kuna mtu amewahi kubebeshwa lawama yako ukakaa kimya, andika hapa chini. Wa kunitukana naye aandike, nitasoma.