Verna Klabunde na Usajili wa Mzee Báez

Siku Korongo, timu yetu ya beisiboli, walipotangaza kwamba wamemuuza Tou Vang, Verna Klabunde alikuwa na mkasi mkononi, na bibi wa watu aliyekuwa kitini alitoka mle saluni na nywele fupi kuliko alivyoagiza.

"Wamemuuza mtoto wetu!" Verna alipiga kelele, akaongeza sauti ya redio. "Mtoto aliyezaliwa hapa hapa Sheboygan, anayekimbia kama ameiba kitu! Na wamemleta nani? Babu!"

Mimi nakata nywele kiti cha pili, pembeni yake, na nilishazoea. Saluni ni ya Verna, lakini wateja wetu wanajua kwamba ukija wiki ya usajili unalipia nywele na kelele unapewa bure. Marehemu mumewe, Harlan, ndiye aliyempeleka uwanjani kwa mara ya kwanza, wakiwa bado wachumba. Harlan alikuwa anatazama beisiboli kimya, mikono kifuani. Verna hakuweza kukaa kimya hata mzunguko mmoja. Harlan alipofariki, kile kiti cha pembeni yake uwanjani alinipa mimi, kwa sharti moja tu, kwamba nisimwambie apunguze sauti.

Huyo babu jina lake Yoendry Báez. Alitoka Baní, kule Jamhuri ya Dominika, mtu wa mwili mkubwa, ameshachezea nusu ya dunia na umri unaelekea arobaini. Timu yetu ni ndogo, mchezaji wa jina kubwa haji kwetu ila anapokuwa njiani kuondoka kwenye mchezo. Hilo ndilo lililomuuma Verna.

Jumatatu akapiga simu kwenye kipindi cha michezo cha Gordy Pfeiffer, kama kawaida yake.

"Mama Verna yuko hewani," alisema Gordy. "Haya mama, tuambie."

"Gordy mwanangu, umekula?"

"Nimekula, mama."

"Basi shika tumbo. Viongozi wetu wameuza pikipiki wakanunua friji. Friji zuri, sikatai. Kubwa, jeupe meno, linapendeza. Lakini mpira ukipigwa, friji litafika lini beisi ya kwanza? Hilo ni galasa, Gordy. Tumepigwa mchana kweupe!"

Mji mzima ulicheka. Mechi iliyofuata, mashabiki walikuja na friji la maboksi, na Báez alipoingia uwanjani wakaanza kuimba, "Friji! Friji!" Yeye akavua kofia, akawainamia.

Wiki hiyo hiyo kinyozi wa mtaa wetu alikuwa amefunga, kaenda kuvua samaki. Mlango wa saluni ukafunguliwa na mtu aliyeujaza wote.

"Samahani, mama. Mnakata nywele za wanaume?"

Verna alimtambua papo hapo. Niliona shingo yake ikiwa nyekundu. "Tunakata za kila mwenye kichwa," alijibu. "Kaa."

Báez akakaa, kiti kikalia. Verna akamfunga kitambaa shingoni.

"Punguza pembeni tu," Báez alisema taratibu. "Na tafadhali mama, funga ule mlango. Ukiuacha wazi, barafu zangu zitayeyuka."

Verna alisimama na chanuo hewani. Halafu kicheko kikamtoka, kikubwa, cha kumkalisha chini kwenye kigoda na kujifuta macho kwa taulo la mteja. Bibi mmoja aliyekuwa chini ya draya akauliza kama kuna mtu ameumia.

"Lakini sifuti hata neno," Verna alisema alipopata pumzi. "Miguu yako imekwisha, baba."

"Imekwisha, ni kweli. Ila hawakunisajili kwa ajili ya miguu. Mimi kazi yangu ni kusubiri. Mpira mbovu siugusi. Mrushaji anarusha, anarusha, mkono unachoka, na vijana wanaonifuata wanamkuta hoi."

"Na Tou? Kumuuza Tou nako ni kusubiri?"

"Hapa alikuwa anakaa benchi nusu ya wiki. Huko alikokwenda anacheza kila siku. Wewe mama unampenda yule kijana, au unataka kumfuga?"

Verna alimwinamisha kichwa. Aliendelea kukata. Kimya kilivyozidi, nikaenda kuangalia kama redio imeharibika.

Kuanzia hapo alianza kumtazama Báez kwa makini. Alikuwa ananibinya mkono: "Umeona? Huo hakuugusa. Na huo pia. Mwangalie mrushaji anavyotoka jasho." Lakini kila Jumatatu alimkosoa kocha kwa kupanga vibaya, na viongozi kwa kukosa warushaji wa akiba. Juu ya Báez alisema tu kwamba bado anachunguza.

Ikaja Jumapili moja ya Agosti, mchana wa jua kali, tunacheza na Oshkosh. Tulikuwa nyuma kwa pointi moja, mzunguko wa nane, vijana wetu wawili wapo kwenye beisi, na Báez akatoka na gongo lake. Mrushaji wao alikuwa kijana mwenye mkono wa hatari. Báez akasubiri. Mibovu akaiacha, mizuri akaigusa tu ikatoka pembeni, tena na tena, mpaka yule kijana akaanza kufuta uso kwa mkono wa jezi. Kisha ukaja mmoja wa katikati, uliochoka. Báez akauchapa ukaruka hadi kona ya mbali kabisa ya uwanja, ukaingia chini ya benchi la warushaji, na wachezaji wa Oshkosh wakawa wanautafuta kwa magoti kama wamepoteza pete.

Verna akaruka juu na mkate wake wa soseji mkononi. "Kimbia, friji! Kimbiaaa!"

Vijana wawili wakafika beisi ya nyumbani, pointi mbili. Báez akapita beisi ya kwanza, akapita ya pili. Kocha akamwonyesha mkono asimame, yeye akajifanya hajaona. Uwanja mzima ulikuwa wima. Alipokaribia beisi ya tatu, mpira nao unakuja, akajitupa kwa tumbo, vumbi likapanda, na mwamuzi akatandaza mikono: amefika! Alilala pale chini anacheka, hawezi kuinuka. Verna alikuwa analia, amenikumbatia, na haradali yote ya ule mkate iko kwenye blauzi yangu. Tulishinda.

Jumatatu akapiga simu. "Gordy, nilikosea."

"Mama, rudia tafadhali. Nadhani mitambo ina matatizo."

"Usinichezee, nimesema nilikosea juu ya Báez. Juu ya Tou bado sijaridhika."

Msimu ulipokwisha, Báez alikuja kukata nywele kabla ya kurudi kwao. Hakuwa na mzaha siku hiyo.

"Mama Verna, klabu wananipa mkataba wa mwaka mwingine. Mke wangu Altagracia anasema niamue mwenyewe. Wewe una maoni juu ya kila kitu. Nisaini?"

"Unataka maoni ya redioni au ya kitini?"

"Ya kitini."

Verna alimzungusha wakatazamana kwenye kioo. "Usisaini. Goti lako limeanza kukusaliti, nimeliona tangu ile Jumapili. Mwakani watakuzomea, na mimi nitawaongoza, maana nikishaingia uwanjani sijizuii. Waambie wakupe vijana, uwafundishe kusubiri. Hicho hapa hatuna mtu anayekijua."

Báez macho yalimjaa machozi. "Wewe mama ni katili."

"Tulia. Nina wembe shingoni mwako."

Alikwenda kuwaambia viongozi, nao wakakubali siku hiyo hiyo, kwa furaha iliyomfanya Verna aseme kwamba walikuwa wanaogopa kumwambia wenyewe.

Majira ya kuchipua Báez alirudi kama kocha wa wapigaji, na safari hii alikuja na Altagracia, mwanamke mfupi, mchangamfu, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza. Mechi ya kwanza ya msimu tulimkalisha katikati yetu, tumemviringisha blanketi, theluji bado imerundikana kando ya uzio. Vijana wetu watatu wakakosa mpira mmoja baada ya mwingine, na Verna akasimama akafoka hadi mishipa ikamtoka.

"Anasema nini?" Altagracia aliniuliza.

Nikaona aibu kidogo, lakini nikamwambia polepole: "Anasema kocha wa wapigaji amewapanga vijana vibaya."

Altagracia akaitikia kwa kichwa kwa nguvu, akamvuta Verna mkono. "Kweli!" alisema. "Mimi asubuhi, jikoni, nilimwambia hivyo hivyo!"

Verna akamtazama kwa mara ya kwanza vizuri, akakaa, akavuta upande wa blanketi akajifunika naye. "Haya shoga," alisema. "Wewe ungemwanzisha nani?"