Mchumba wangu alinipita mlimani akiwa ndani ya gari

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana nusu ya kundi letu la baiskeli wanafuata ukurasa huu na wengine watanitambua hata nikikohoa. Mimi ni dada wa miaka thelathini na moja, Mkenya. Nauza vipuri vya magari Kisenyi hapa Kampala na naishi Old Kampala. Nina mchumba Mganda, nitamwita Ivan. Mwezi ujao watu wake wanavuka mpaka kwenda kujitambulisha kwa wazazi wangu, na mama ameshashona nguo. 

Tulikutana kwenye hilo kundi. Tunaendesha kila Jumapili asubuhi, na tuna sheria moja ambayo haina mjadala. Mtu wa mwisho anaitwa mkia. Mkia hampiti mtu. Ukisimama anasimama, ukisukuma baiskeli anasukuma. Nyuma yake kuna gari la mizigo, na mkia hapandi gari hilo mpaka kila mtu awe amefika. Kwa hiyo dereva akiona mkia amepanda, anajua barabarani hakuna mtu wetu, anakanyaga mafuta mpaka hotelini.

Safari hii tulienda milima ya Rwanda. Ivan mwenyewe aliinua mkono akaomba kuwa mkia. "Si bibi yangu ndiye wa mwisho kila siku? Wacha nimchunge." Watu wakapiga makofi, wanawake wakanitazama kwa wivu, na mimi nikavimba kichwa.

Mvua ilitukuta katikati ya mlima, na ukungu juu yake. Cheni yangu ikawa inaruka, nashuka, nasukuma, napanda tena. Wenzetu walishatuacha zamani. Ivan nyuma yangu meno yanagongana kwa baridi. Tulipofika kileleni akanibembeleza kwa Kiganda chake, "Wewe enda, bambi. Nafunga tu kiatu. Niko nyuma yako."

Nikateremka. Breki zimelowa, zinapiga kelele tu, hazishiki. Sasa kule Rwanda wanaendesha upande wa kulia, na asubuhi nzima nilikuwa najikumbusha: kulia, kulia. Lakini mimi nimekulia kushoto, nikaja Uganda nikakuta kushoto, na hofu ikinishika mwili unarudi kwao. Kwenye kona moja nikajikuta kushoto, na taa za lori ziko mbele yangu kabisa. Nikajitupa mtaroni. Lori likapita likipiga honi.

Goti lilipasuka, gurudumu la mbele likapinda, simu ikalowa ikagoma kuwaka. Lakini sikulia. Nilijua mkia yuko nyuma, na mkia hampiti mtu. Nikakaa kando ya barabara nikimngoja Ivan wangu.

Kilichokuja ni gari letu. Nikasimama kwa mguu mmoja, nikapunga mikono yote miwili, nikapiga kelele mpaka koo likauma. Lilipunguza mwendo. Kioo cha upande wa abiria kilikuwa na mvuke, mkono ukakipangusa kwa ndani, nikaona koti la njano, nikaona uso wa Ivan. Halafu gari likaongeza mwendo, likapotelea kwenye ukungu.

Hapo nililia kama mtoto. Lugha yao siijui, simu sina, na hotelini wote wanaamini barabara ni tupu. Mama mmoja aliyekuwa anatoka shamba la viazi ndiye aliyenishika mkono, akanipeleka kwake kwenye moto, akanifunika kitenge chake.

Alasiri gari lilirudi. Ivan aliruka wa kwanza, akanikumbatia akilia, wenzetu wanapiga picha. "Ni Ivan amesema turudi!" wakaniambia. Kumbe aliwaambia tulipotezana kwenye ukungu, akadhani nimeshafika. Picha ikawekwa kwenye kundi, watu wakaandika mume ni huyu. Nikajiambia ni ukungu tu, hakuniona.

Tuliporudi Kampala, yule dereva, Mkongomani mmoja mpole sana, alikuja dukani. Alishika plagi, akairudisha, akasema bila kunitazama, "Dada, miye nilimuuliza: ule hapana mutu wetu? Akanijibu, 'Endesha, ule ni mwanamuke wa hapa.' Roho inaniuma tangu siku ile."

Nilimbana Ivan jioni hiyo hiyo. Hakukana. "Nilikuwa naganda. Nikakuona, nikaona aibu. Kama tungesimama, wote wangejua mkia amepanda gari akaacha mutu. Nilisema nishuke hapo mbele, nirudi na baiskeli nikuchukue, hakuna atajua. Nikashuka, nikajaribu kupanda mlima, miguu ikakataa, nikarudi garini. Lakini nilirudi. Si nilirudi?"

Kweli alirudi, na hilo ndilo linalonichanganya. Dada yangu mkubwa, mtu pekee niliyemwambia, alicheka kwenye simu: "Unaacha mwanaume kwa sababu ya baridi? Wenzako wanaachwa na mimba!" Labda ni kweli nakuza mambo. Ivan hanywi, hanipigi, nikiugua ananipikia uji. Lakini dada hakuuona ule mkono ukipangusa kioo. Alikipangusa ili aone vizuri, akaona vizuri, akasema endesha.

Jumapili iliyopita kundi limemchagua awe mkia wa kudumu, na yeye akakubali! Njia nzima anapaza sauti, "Niko nyuma yako!" na mimi kila kona nageuka kuhakikisha. Nimegeuka mpaka nikakosakosa kugongwa na boda boda pale Nakasero.

Kwetu, wageni wakishakaa, baba humwita binti asimame mbele ya watu wote, amuulize: "Huyu unamjua?" Ukisema ndiyo, vigelegele vinapigwa na mambo yanaendelea. Hilo swali nilikuwa nalingoja kwa hamu tangu nikiwa msichana mdogo, na sasa ndilo linaninyima usingizi.

Ndugu zangu, hasa mlio kwenye ndoa, msinionee haya. Baba akiniuliza, nimjibu nini?