Chura wa Miguu Mitatu

Nimechoka kuitwa Daktari Chura, na uchovu wenyewe unazidi nikikumbuka kwamba jina hilo nilijitakia, basi aibu yangu naisimulia mwenyewe leo kabla hamjaisikia kwa watu wa mtaa wetu wa Mabawa, ambao kila wakiisimulia wananiongezea ujinga.

Mnanijua. Mimi ndiye niliyeuza maandazi stendi mpaka nikapata nauli ya India, nikasoma miaka mitatu, nikarudi na diploma ya maabara ya biolojia (iko ukutani kwa shangazi, ndani ya fremu ya kioo, nimeitundika mkabala na mlango ili mgeni asiikose). Hakuna aliyenisomesha. Hilo nililisema sana, pengine kupita kiasi.

Asubuhi moja shangazi alikuwa anapalilia mchicha, jembe likamkata chura mguu mmoja wa nyuma. Jirani yetu, Mzee Athumani, ambaye mwaka jana alikatwa mguu chini ya goti kwa sababu ya kisukari, alikuwa barazani kwetu anakunywa kahawa na mkewe Bi Zaina. Akamtazama yule chura, akasema, "Maskini, kawa mwenzangu."

Nami mwenye diploma ningenyamazaje? Nikawaeleza kwamba wanyama hawalingani: mjusi akikatika mkia huota mwingine, ingawa mfupi na usio na mifupa ya kweli, lakini mguu wake ukienda umekwenda; salamanda, mnyama wa nchi za mbali anayefanana na mjusi, huotesha mguu mzima mpaka vidole; na chura naye huotesha. Hapo ndipo nilipojimaliza. Nilichofundishwa ni kwamba huotesha akiwa kiluwiluwi, yule mtoto mwenye mkia anayeishi majini, na akishakuwa chura kamili uwezo huo humtoka. Maneno "akiwa kiluwiluwi" nilikuwa nayo mdomoni, nikayameza, kwa sababu Mzee alikuwa ameweka kikombe chini ananitazama, na tangu nirudi hakuna mtu aliyewahi kunitazama vile.

"Na wa huyu utaota?" akauliza.

"Utaota, mzee. Tumpe wiki tatu."

Chura akawekwa kwenye ndoo yenye mchanga na maji kidogo, mimi nikawa namtafutia kumbikumbi na mende, na kila asubuhi Mzee anakuja na magongo yake. "Shikamoo, mzee." "Marahaba. Umeanza?" Haukuanza. Kidonda kilifunga, kikabaki kinundu, basi.

Wiki ya tatu Bi Zaina akanivuta pembeni. "Mwanangu, hospitali wanampigia simu aende kupimwa mguu wa bandia. Anawaambia wasubiri, ati kwanza amwone chura."

Mwenye akili angekwenda kusema kweli siku ileile. Mimi nilikwenda mferejini, nikakamata chura mwingine, kimo kilekile, rangi ileile, miguu minne kamili, nikamtia ndooni. Yule wa zamani nikamfunika kwa beseni bafuni (beseni la shangazi la kufulia, na wala sikujiuliza shangazi hufua lini). Kisha nikatangaza: leo baada ya alasiri, njooni muone.

Walijaa. Mzee alikuja na kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya Idi, akapewa kiti cha mbele. Nikamwinua chura, nikaanza na salamanda, nikapita kwa mjusi, nikafika kwenye vidole vya chura, kimoja kimoja, nikavinyoosha watu waone. Mzee machozi yakamlengalenga. Na mimi (Mungu anisamehe) nilijisikia msomi.

Kumbe shangazi alikuwa ameshachukua beseni lake. Kikatoka bafuni kitu kinaruka upande, tap, kinaanguka, kinaruka tena, mpaka miguuni pa Mzee Athumani. Kikatulia pale na kinundu chake.

Bi Zaina ndiye aliyesema kwanza. "Ala! Kumbe mguu haukuota. Ameota chura mzima!"

Uwanja mzima ukacheka, shangazi akajifunika khanga usoni. Mzee hakucheka. Aliniuliza taratibu, "Mwanangu, nijibu kama mtu mzima. Unaota, hauoti?"

"Hauoti, mzee. Unaota akiwa kiluwiluwi. Akishakua, hauoti."

"Na mimi unanionaje, kiluwiluwi?"

Nikamrudisha yule wa miguu minne ndooni. Mzee akamtazama yule wa miguu mitatu, kisha akajiinua kwa magongo. "Kesho saa mbili utanipeleka hospitali. Na hiyo diploma yako uje nayo. Foleni ni ndefu, mabenchi machache, nitaikalia."

Nilimpeleka. Nilimpeleka mara tano, nikamshika mkono alipojifunza kusimama, na kwa kila muuguzi alinitambulisha kwa jina lile mnalolijua. Diploma bado iko ukutani, ila nimeihamishia chumbani kwangu, na siku hizi mtu akiniuliza jambo ninalolijua, namwambia na ile nusu inayolipunguza, hata akipiga miayo, hata akiondoka.

Mzee hupita barazani kwetu kila asubuhi, bila magongo, na fimbo tu. Akifika usawa wangu anasimama, anaugonga ule mguu wa bandia kwa fimbo, ko ko ko, mtaa mzima usikie.

"Daktari Chura! Njoo utazame. Umeota!"