Kalunde na Tishari Lililozamishwa

Kalunde Muindi alirudi kijijini kwao Kithyoko mwaka 2004, akiwa na miaka thelathini na minne na mitungi miwili ya hewa ambayo watu wa sokoni walidhani ni ya gesi ya kupikia. Miaka tisa alikuwa Mombasa. Alianza kwa kufua suti za mpira za wapiga mbizi, mwishowe akawa yeye anayewashusha wageni baharini kutazama meli kuukuu iliyozamishwa makusudi ili samaki wapate makao. Alirudi kwa sababu mama yake alikuwa amepooza upande mmoja.

Hakupokewa vizuri. Kanisani walisema mwanamke anayekaa chini ya maji nusu saa na kutoka mzima, kuna kitu anachokiabudu huko chini. Aliyelisema kwa sauti zaidi ni Ndolo, mdogo wa mama yake, mwenyekiti wa chama cha wavuvi wa bwawa la hapo kijijini.

Mwaka uliotangulia, mradi wa samaki ulikuwa umezamisha bwawani tishari kuukuu, chombo bapa cha chuma kilichoachwa ufuoni miaka mingi, samaki wazaliane humo. Kiangazi kilipokwisha na maji kujaa tena, kila wavu uliopita karibu nalo ulitoka umechanika. Wavuvi wakataka liondolewe. Maundu, msimamizi wa mradi, akamwomba Kalunde ashuke aone kinachochana nyavu.

"Huyu asiingie majini," Ndolo alisema mbele ya wote. "Mimi niko na miaka ishirini hapa. Hilo tishari ni bovu. Watu wakae mbali nalo, basi."

"Mjomba, nikishuka tutajua."

"Usiniite mjomba hapa."

Alipoona Maundu habadili nia, Ndolo akasema mashua ni yake na kamba atakayofungwa Kalunde ataishika mwenyewe. Wakatoka yeye na Kalunde tu; Maundu na wengine wakabaki ufuoni.

"Nikivuta mara tatu, univute juu," Kalunde alimwambia bila kumtazama.

Baharini alizoea kuiona meli nzima akiwa bado juu yake. Hapa maji yalikuwa kama chai ya maziwa, na tishari alilijua kwa kuligonga na kichwa. Akapapasa ukingo, akagusa seng'enge. Ilizungushwa kutoka nguzo hadi nguzo, ikakazwa kwa koleo. Ni mtu aliyeifunga, wakati wa kiangazi, sitaha ilipokuwa karibu kuonekana. Nyuma ya seng'enge kulikuwa na mitego ya waya iliyojaa samaki, kila mmoja na kibati cha namba. Chama kilimpa kila mvuvi namba yake. Kalunde aling'oa kimoja, akakisogeza hadi kwenye kioo cha miwani. Namba moja. Ya mwenyekiti.

Alipogeuka, miiba ikamnasa begani. Akavuta kamba mara tatu. Ikalegea. Akavuta tena, na kamba yote ikamjia mikononi, hadi ncha.

Akachukua kisu akakata suti, akajikata na ngozi. Alipanda polepole, kama alivyofundishwa, ingawa mwili wote ulitaka kukimbilia juu.

Ndolo alikuwa ameketi mashuani. "Iliniponyoka," alisema.

Kalunde hakupanda. Aliogelea mpaka ufuoni akivuja damu, akamkabidhi Maundu kibati na kueleza alichokiona. Mashua ilipofika, wavuvi wawili walimburura Ndolo nje kwa shati. Hakuna aliyemuuliza Kalunde kuhusu bega lake.

Jioni mama yake alikuwa amekwisha kusikia.

"Ni ndugu yangu," alisema. "Ungenyamaza."

"Aliachilia kamba, mwaitu," Kalunde alimwambia mama.

"Amesema ilimponyoka."

"Na wewe unamwamini?"

Mama aligeuza uso ukutani. Chakula cha usiku huo hakukigusa.

Kalunde alimaliza siku nne akiikata ile seng'enge, Maundu akishika kamba. Ndolo alivuliwa uenyekiti, akauza mashua, akahamia Ndithini. Hakuja tena kumwona dada yake, na mama alihesabu hilo kuwa kosa la bintiye mpaka alipofariki.

Wavuvi sasa hutega kando ya tishari na kupata samaki. Wavu ukikwama humtuma mtu amwite Kalunde, naye mjumbe hupaza sauti akiwa barabarani, haingii uani. Kalunde huenda, hushuka, huunasua wavu, kisha huubeba mtungi wake na kuondoka bila kumuaga mtu.