Mlinzi wa Uzi

Usiku wenyewe ule nililala na wivu, na ninalisema hilo mapema ili anayetaka kunihukumu aanze sasa.

Mchana wake Lohay, mfugaji anayekuja mnadani Kondoa kila mwezi, alipita kibandani kwangu nimtoboe tundu moja zaidi kwenye mkanda. Kiunoni alikuwa na ala mpya ya kisu. Niliijua kazi ya Rehema, fundi mwenzangu wa ngozi, kabla hajamtaja: mishono midogo kama punje za mchele, kingo zimesuguliwa mpaka zinateleza. Roho iliniuma. Nikachomoa kisu, nikakirudisha polepole, na vidole vyangu vikahisi kitu ambacho Lohay asingeweza kukihisi. Makali yalikuwa yanagusa uzi. Rehema alikuwa ameshona ngozi mbili zikikutana hivihivi, bila utepe wa ngozi katikati. Utepe huo marehemu mwalimu wetu, Mzee Mbaruku, aliuita mlinzi, maana ndio unaozuia makali yasiufikie uzi. Usipouweka, mshono unakatika kidogo kidogo, na siku moja mtu anainama kumfunga ndama, kisu kinamwingia pajani.

"Unaionaje?" Lohay akaniuliza.

"Kazi nzuri," nikamjibu. Nikamtoboa tundu, nikamfunga mkanda kwa mikono yangu mwenyewe. Kesho yake asubuhi alikuwa anarudi porini kwenye mifugo.

Rehema alipokuja kujifunza kwa Mzee, mimi nilikuwa nimeshakaa pale miaka tisa. Yeye alikaa miwili tu, akishona mikoba na makubazi, Mzee akafariki, sasa ni miezi minane. Baada ya arobaini mjane wake akauleta msharasi wa Mzee, ule wa kutobolea ngozi, ambao mpini wake wa mpingo ulikuwa umebonyea pale alipozoea kuweka kidole gumba. Akampa Rehema, akisema ndivyo Mzee alivyoagiza. Mimi nikapewa pole. Tangu hapo wateja wakawa wananipita wakielekea kwake, wananisalimia vizuri tu, na mimi nikawa najiambia mgema akisifiwa tembo hulitia maji, subiri. Siku ile niliona nimesubiri vya kutosha. Nikalala.

Nikajikuta kwenye kibanda cha Mzee, kile cha zamani kilichokwisha kubomolewa. Mlango uko upande usio wake, lakini sishangai. Mzee Mbaruku amekaa kwenye kigoda, kile kibanio chake cha mbao amekishika kwa magoti, ngozi imebanwa ndani yake, na nta inanukia. Anashona kama alivyotufundisha, uzi mmoja na sindano mbili, kila tundu lipitwe kutoka huku na kutoka huku. Sindano ya upande wake inapita. Ya upande wa pili inaning'inia tu, haina mtu.

"Kaa, Athumani," akasema.

Nikakaa mbele yake. Akaninyooshea sindano ile ya pili. Tangu utotoni mama yangu alinikataza: maiti akikupa kitu ndotoni, usipokee. Nikaificha mikono nyuma.

"Si yangu hii," akasema. "Ni yako, uliiacha hapa."

Nikaipokea. Tukashona, yeye anavuta kwake, mimi navuta kwangu, na nikitazama vizuri ninachokishona ni ala ya Lohay. Basi nikavuta kwa nguvu zote ili ngozi ichanike. Haikuchanika. Mzee aliniona, akaendelea kuvuta uzi wake, na utulivu wake ukanipa ujasiri wa kumuuliza lililokuwa kifuani mwangu tangu arobaini yake.

"Mzee, kwa nini msharasi ulimpa yeye?"

Kigoda kimekuwa kitanda, na tuko hospitali, siku yake ya mwisho. Hii ilitokea kweli, ndoto inanirudishia tu. Amenishika kidole, sauti imebaki pumzi. "Rehema," ananiambia, "ala bado sijamfundisha." Nami najiona kutoka mlangoni, kama mtu anayemtazama mwingine, na uso wangu una furaha. Mwalimu wangu anakufa na mimi nina furaha. Siku ile nilitoka wodini nikijua kwamba kipo kitu ninachokijua mimi na Rehema hakijui, nikakifanya ndio urithi wangu. Sikumwambia mtu.

Kitanda kikawa kitupu. Sasa ni mnadani, vumbi na ng'ombe, na Mzee anatembea mbele yangu katika kanzu nyeupe akichechemea. Juu ya kanzu amevaa ala ya Lohay. Nataka kumwita asiiname, ulimi mzito. Anainama kuokota kitu, sindano sijui, na anapoinuka kuna doa jekundu pajani, linashuka taratibu mpaka kwenye pindo. Hakulitazama.

"Yeye nilimwachia chuma," akasema. "Wewe nilikuachia maneno. Umeyafikisha?"

Nilitaka anionee huruma kwanza. "Mzee, mimi ndiye niliyekaa nawe miaka kumi na moja."

"Ndiyo maana nilikutuma wewe."

Nikaamka. Adhana ya alfajiri ilikuwa inaanza, na mkono wangu umelikamata shuka kama mtu anayevuta uzi. Nisiwadanganye, wivu ulikuwa bado upo. Niliamka nao, nikanawa nao. Nilikata utepe wa ngozi urefu wa kiganja, nikaenda nyumba ya wageni alikolala Lohay, nikamkuta anakunja blanketi lake.

"Nipe hiyo ala," nikamwambia. "Haijakamilika, itakuumiza."

"Jana ulisema kazi nzuri."

"Nilikudanganya."

Akaifungua na kunipa, na kisu akakiviringisha kwenye kitambaa. Akasema ataondoka jioni.

Njiani kwenda kwa Rehema nilitunga maneno ya kujiokoa. Nitamwambia Mzee alisahau. Nitamwambia kasoro nimeiona leo. Alifungua mlango, mswaki mkononi, na nyuma yake mezani niliuona msharasi ule, mpini wake wa mpingo unang'aa. Roho ikaniuma palepale pa jana.

"Kaka Athumani, shikamoo. Kwema asubuhi yote hii?"

Sikuiitikia shikamoo yake. Nilimwekea mkononi ala ya Lohay, na juu yake ule utepe.

"Mzee aliniachia kitu chako," nikamwambia. "Nimekaa nacho miezi minane."